Babu Alipita Njia Gani?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, nipate kusema maneno machache na wanafunzi walioko shuleni sasa, na pia na wenzangu tuliotoka zamani. Maneno yenyewe ni juu ya nasaba, yaani habari za babu na bibi zetu waliokuja kukaa katika mji huu. Naona siku hizi vijana wengi wanaitafuta habari hiyo, na jambo hilo ni jema. Lakini naona pia kwamba wengi wanaitafuta kwa kuanzia mahali pasipofaa, na hapo ndipo ninapotaka kutoa shauri langu.

Jumapili moja mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja kwangu Kibenga na daftari mkononi. Mwalimu wao alikuwa amewapa kazi ya kuchora mti wa ukoo. Kijana alikwisha kuandika juu kabisa ya karatasi: "Babu mkuu, Mwarabu, alitoka Maskati." Chini yake palikuwa na majina manne ya wanaume, moja chini ya jingine, na mwisho jina lake mwenyewe. Mwanamke hakuwamo hata mmoja.

Akaniambia, "Mjomba, nimebakiwa na mwaka tu. Nipe mwaka aliofika Bujumbura, nimalize kazi yangu."

Nikamwuliza, "Alipita njia gani?"

Akacheka. "Si alikuja kwa jahazi, mjomba?"

Nikamwambia, "Jahazi halipandi milima. Kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika ni zaidi ya kilomita 1,000 za nchi kavu. Alitembea na nani? Mizigo yake alibeba nani? Alipumzika wapi, na mke alimwoa wapi?"

Hakuwa na jibu. Na mimi, nisiwafiche, sikuwa nalo. Maneno yale ya Maskati niliyasikia tangu utoto wangu, nikayasema kwa wengine kama nilivyoambiwa, wala sikuuliza.

Shauri langu basi ni hili: atakaye kujua asili yake asianze kwa kuuliza babu alikuwa mtu mkubwa kiasi gani. Aanze kwa kuuliza babu alipita njia gani. Ukoo ni maneno, na maneno hugeuzwa kwa fahari na kwa aibu. Njia haigeuki upesi. Njia ina vituo vyake, ina vyombo vyake, ina miaka yake, na hadithi ya nyumbani ikipingana na njia, yapasa hadithi itazamwe upya.

Tuzitazame njia hizo kwa ufupi. Ya kwanza ni njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji. Njia hiyo ilikanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi na Waswahili wa pwani, na Waarabu na Wahindi wenye mali, kabla Mzungu ye yote hajaiona. Burton na Speke walipofika ziwani mwezi wa Februari mwaka 1858, waliifuata njia iliyokwisha kuwako, wakiongozwa na watu walioijua. Mmoja wa watu wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mtu wa Wayao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akapelekwa Bara Hindi, akarudi akiwa huru. Mwezi wa Aprili mwaka ule walipanda kwa mitumbwi mpaka Uvira, ng'ambo ya pili ya maji tunayoyatazama kila siku kutoka Kibenga.

Kutoka Ujiji kuja kwetu njia ilikuwa ya maji. Lakini jueni kwamba katika siku zile wafanya biashara wa Ujiji hawakupata kukaa milimani Burundi. Muhammed bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, alijaribu kuingiza watu wake kwa nguvu, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakawazuia. Wakabaki ukingoni mwa ziwa. Kwa hiyo mtu akisema babu yake alikuwa na nyumba ya mawe katikati ya Burundi miaka 150 iliyopita, na amwulize tena aliyemwambia.

Watu wetu walikuja kwa wingi baadaye, wakati Wajerumani walipoweka boma lao Usumbura katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Boma lataka askari, na askari wana wake zao, na wake wataka nguo na chumvi na sabuni. Wakaja wachuuzi, washona nguo, wapishi, mabaharia wa mashua, mafundi wa matofali. Wengi walitoka Ujiji na Tabora, na wengine walitoka Umanyema, ng'ambo ya ziwa, ambako leo ni Kongo. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaja na majeshi yao kutoka Kongo, wakawatoa Wajerumani, na baadhi ya askari wale nao hawakurudi kwao.

Njia ya pili ni reli. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo Mgiriki aliyetoka visiwani kwao, au Mhindi aliyetoka Gujarati, au Mbelgiji aliyetoka Antwerp, aliweza kushuka melini Dar es Salaam, akapanda gari la moshi, akashuka Kigoma, akavuka ziwa mpaka hapa. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji mahali pao pa bandari, Dar es Salaam na Kigoma, na bidhaa za Ruanda-Urundi zikapita huko. Njia ya tatu ilikuwa ya magharibi. Msafiri aliingia kinywa cha mto Kongo, akaenda kwa meli za mtoni na vipande vya reli mpaka Kabalo, na kutoka Kabalo kwa reli iliyomalizika mwaka 1915 mpaka Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kisha akavuka ziwa.

Mnaona faida yake? Mtu akisema, "Babu alikuja kwa treni mwaka 1905," mwajua kwamba ama mwaka umekosewa, ama treni imeongezwa. Akisema bibi alikuja kwa meli ya Liemba kabla ya vita vya kwanza, haiwezekani. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924, na ilianza kazi kwa jina la Liemba mwaka 1927. Basi huyo bibi aliyekuja kwa Liemba hakufika kabla ya mwaka 1927. Kwa neno moja la chombo mmepata mwaka mliokuwa mkiutafuta, wala hamkuhitaji kuuotea.

Sasa nataka kuwapeleka Mugere. Atokaye Kibenga akashika barabara ya Rumonge, akaenda kusini kilomita chache, ataliona jiwe kubwa mlimani upande wa kushoto. Wengi wetu tulipelekwa huko na walimu wetu. Jiwe limeandikwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Watu wengine huwaambia wageni kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Si kweli. Walikutana Ujiji, kisha wakapanda pamoja kwa mtumbwi kuja huku kaskazini kutazama mto Rusizi, kama unaingia ziwani au unatoka, wakaona kwamba unaingia. Njiani wakawa wageni wa mtawala Mukamba. Hapo napo mnaona kwamba aijuaye njia hadanganywi kwa urahisi.

Lakini sikuwapeleka Mugere kwa sababu hiyo tu. Ule mtumbwi ulikuwa mali ya Said bin Majid, Mwarabu wa Ujiji, naye aliwaazima. Ndani yake walikuwamo wapiga makasia, mpishi, na viongozi wa njia Wajiji walioijua kila hori na kila upepo. Hao ndio waliowaleta wale wawili. Jiwe halina jina la hata mmoja wao.

Nilipolitazama daftari la mpwa wangu nililikumbuka jiwe hilo. Ukoo aliouandika ulikuwa kama jiwe la Mugere: majina machache ya watu wanaohesabiwa wakubwa, na wote waliopiga kasia wameachwa. Nikamwambia, "Funga daftari. Twende Buyenzi kwa Mama Mkubwa."

Mama Mkubwa ni dada mkubwa wa mama yangu, naye kwa kijana ni bibi. Anakaribia miaka 90. Tulimkuta barazani akichambua mchele. Tukamwamkia, tukanywa chai, kisha kijana akafungua daftari akamwuliza juu ya babu wa Maskati. Mama Mkubwa akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, "Mjukuu wangu, Maskati kuko upande gani?" Kijana akamwelekeza mashariki. Bibi akasema, "Bibi yangu mimi alitoka upande ule," akanyosha mkono kuelekea ziwani, magharibi.

Akatuambia habari ambayo mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, sikupata kuisikia. Bibi yake alizaliwa Umanyema. Alikamatwa akiwa mtoto, meno ya utoto hayajaisha kung'oka, akatembezwa na watu wengine mpaka ukingo wa ziwa, akavushwa kwa mtumbwi mpaka Ujiji, akanunuliwa. Jina alilopewa na mama yake lilipotea, akapewa jina jingine. Alikumbuka kitu kimoja tu cha kwao, jina la mto aliokuwa akiteka maji. Aliuita Luama.

Na yule babu wa Maskati? Alikuwa Mnyamwezi, mpagazi, aliyefika Ujiji na mizigo ya Mwarabu. Bwana wake ndiye aliyekuwa mtu wa Maskati. Mpagazi alikaa kwa bwana wake miaka mingi, akajulikana kwa jina la nyumba ile, akamwoa yule msichana wa Kimanyema, wakaja Usumbura pamoja kufanya biashara ya dagaa.

Mpwa wangu akauliza, "Sasa mbona tunasema sisi ni Waarabu?"

Mama Mkubwa akaweka ungo chini. Akasema kwamba alipokuwa msichana wa miaka kumi na minane aliposwa. Mahari ikakubaliwa. Kisha mtu mmoja akaenda kwa wazee wa mvulana akawaambia, "Bibi yake huyu alinunuliwa Ujiji." Siku ya tatu mahari ikarudishwa. "Basi baba yangu akatukusanya ndani," akasema, "akatuambia, tangu leo sisi ni watu wa Maskati, na atakayesema lingine si mtoto wangu. Nimelishika neno lake miaka sitini na zaidi. Sasa waliokatazwa wote wamekufa, nimebaki mimi. Andika, mjukuu wangu."

Wenzangu, sisimulii habari hii ili kuwaonyesha watu wa nyumbani kwangu. Nimepewa ruhusa na Mama Mkubwa mwenyewe. Naisimulia kwa sababu najua kwamba katika Buyenzi na Bwiza, na Rumonge, na Ujiji, na Uvira, ziko nyumba nyingi zilizohamia Maskati au Shiraz kwa njia hiyo hiyo, usiku mmoja, kwa ajili ya mahari iliyorudishwa au tusi lililotupwa kisimani. Wako kweli waliotoka Maskati, na hao wana haki ya asili yao. Lakini wapagazi na watumwa walikuwa wengi kuliko mabwana zao mara nyingi. Ikiwa sote ni wajukuu wa mabwana, wale wengine wote walikufa bila watoto?

Wazee walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hii husomwa na wengi kana kwamba yasema, jitafutie asili yenye heshima uishike. Mimi naisoma kwa maana nyingine. Yule mtoto wa Luama alitiwa utumwani na watu, naye hakuwa na hila. Lakini sisi tuliofuta jina la mto wake ili tupate kukaa mbele katika arusi, tumejitia utumwani wenyewe. Yeye alinyang'anywa asili, sisi tumeiacha.

Na tazameni faida ya lile neno moja. Tulirudi nyumbani Kibenga, tukafungua ramani. Luama ni mto wa kweli, unatiririka kwenda magharibi na kuingia Lualaba, katika nchi iliyopo kati ya ziwa na Kasongo. Njia ya misafara kutoka Kasongo na Kabambare ilishuka mpaka ukingo wa ziwa, na hapo watu walivushwa mpaka Ujiji. Habari ya Mama Mkubwa na ramani zilikubaliana. "Mwarabu wa Maskati" hakutupa mahali po pote pa kuweka kidole. Jina la mto alilolishika mtoto mmoja lilitupa bonde zima.

Iko habari nyingine isiyosemwa sana, nayo yatuhusu pia. Katika siku za Wabelgiji walizaliwa watoto wa baba Wazungu na mama Waafrika. Baba wengine walikuwa Wabelgiji, wengine Wagiriki, wengine wa mataifa mengine. Serikali ya wakati ule haikutaka watoto hao wakae na mama zao. Wengi wakachukuliwa, wakawekwa katika nyumba za watawa, na wa Ruanda-Urundi wengi walipelekwa Save, kusini ya Rwanda. Uhuru ulipokaribia, mamia ya watoto wa Save walipelekwa Ubelgiji, wakalelewa na watu wasiowajua. Wako waliobadilishiwa majina, na wako walioambiwa kwamba hawana mama.

Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi mbele ya Bunge la nchi yake kwa jambo hilo. Na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliihukumu serikali ya Ubelgiji katika shauri la wanawake watano waliochukuliwa hivyo katika Kongo wakiwa watoto wadogo, ikasema kwamba tendo lile lilikuwa jinai juu ya ubinadamu. Siku hizi nyaraka za wakati ule zinatafutwa na kupangwa huko Ubelgiji, ili watu wale na watoto wao wajue walitoka wapi. Wazee wa miaka 70 na 80 wanaulizia kijiji cha mama. Na huku kwetu yawezekana kuna nyumba inayokumbuka mtoto aliyeondoka asirudi. Mwanafunzi anayemwuliza bibi yake leo huenda akamfungulia mlango mtu aliyengoja maisha yake yote.

Najua watakaonipinga. Watasema, "Nchi hii imeumia kwa ajili ya maswali ya asili. Mwaka 1972, na tena mwaka 1993, watu waliuawa kwa sababu ya babu zao. Na Waswahili wameambiwa mara nyingi kwamba wao ni wageni. Mbona unawafundisha watoto kuchimba?"

Neno hilo ni zito, wala silidharau. Mimi nami niliona. Lakini naomba tupambanue maswali mawili. Liko swali la "Wewe ni damu gani?" Anayeuliza hivyo amekwisha kugawa watu mafungu, anataka tu kujua akuweke fungu lipi. Na liko swali la "Watu wako walipita njia gani?" Swali hili halina fungu. Ukilifuata utaona kwamba katika nyumba moja amepita Mnyamwezi, na Mmanyema, na Mrundi wa mlimani aliyeshuka kuuza maharagwe akaoa Buyenzi, na askari wa Kongo, na labda Mgiriki. Anayeijua njia yake yote atapata taabu kumchukia jirani, maana ataogopa kumkuta jirani huyo katika karatasi yake mwenyewe. Uongo wa nasaba safi ndio uliotuumiza. Sijasikia mtu aliyeuawa kwa kujua kwamba bibi yake aliteka maji mto Luama.

Na juu ya ugeni, kumbukeni kwamba mji huu wenyewe ulijengwa na watu waliofika kwa njia hizo. Wabelgiji walipoupanga waliweka Wazungu mahali pao, Waasia mahali pao, na Waafrika wa mji huko Buyenzi na Bwiza. Watu wa Buyenzi walifanya biashara, wakajenga misikiti, wakafundisha nchi lugha hii tunayoandika. Mwanamfalme Louis Rwagasore alipoanza kazi yake ya uhuru, Waswahili wa mji walikuwa miongoni mwa watu wake wa kwanza, wala hakuwauliza babu zao walivuka ziwa mwaka gani. Kujua kwamba ulifika hakukuondolei haki ya kuwa mwenyeji. Kila mtu alifika, ila wengine wamesahau.

Sasa, mtafanyaje? Nawapa mashauri machache, nami nimeyajaribu.

Kwanza, anzeni kwa walio hai, tena kwa wanawake. Bibi hujua nani alimnyonyesha nani, na hilo haliandikwi katika hati. Nendeni kwa adabu, msiende na kalamu mbele. Kaeni, mnywe chai, msaidieni kazi iliyo mkononi. Akikataa kusema, msimlazimishe. Akisema neno la siri, ombeni ruhusa kabla ya kulitoa nje ya nyumba.

Pili, ulizeni mambo ya njia. Mto gani? Soko gani? Alivuka kwa mtumbwi, kwa mashua au kwa meli? Alifuatana na nani? Alifanya kazi gani alipofika? Na jina la mama yake lilikuwa nani, jina la kwanza, kabla hajapewa jingine?

Tatu, andikeni maneno kama yalivyosemwa, hata kama yanapingana. Mkisikia habari mbili, andikeni zote mbili, na jina la aliyesema kila moja.

Nne, tafuteni karatasi. Misheni za Wakatoliki zina vitabu vya ubatizo, na za kwanza katika Burundi kudumu ni Muyaga ya mwaka 1898 na Mugera ya mwaka 1899. Waislamu wana hati za ndoa na mirathi. Wengi wana leseni za biashara na vyeti vya kazi vya baba zao vilivyofungwa kitambaani. Nyaraka nyingi za Wajerumani zimo katika Hifadhi ya Nyaraka Dar es Salaam, na za Wabelgiji zimo Brussels. Na viko vitabu vya safari vilivyoandikwa na watu wetu kwa Kiswahili: maisha ya Tippu Tip aliyoyaandika mwenyewe, na "Safari za Wasuaheli," kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Humo mtaona vituo vya njia vikitajwa na watu waliovitembea.

Tano, fanyeni upesi, wala msiweke karatasi mahali pamoja tu. Mimi nina sababu ya kusema hivi. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, maji yaliingia katika nyumba za Kibenga, na kwangu yaliingia. Nililikimbilia godoro na jokofu. Sanduku la bati la marehemu baba nililikumbuka siku ya pili. Ndani yake kulikuwa na cheti chake cha kazi, picha ya arusi ya wazazi wangu, na barua kutoka Ujiji nisizopata kuzisoma. Wino ulikuwa umekwisha kuondoka. Jokofu nimenunua jingine.

Mpwa wangu aliupeleka mti wake shuleni. Juu kabisa hakuweka mtu, aliweka mto Luama, na chini yake akaandika: "Mtoto wa kike, jina la kwanza halijulikani." Pembeni akamweka mpagazi wa Unyamwezi, kisha akachora njia mbili, moja kutoka Tabora na moja kutoka Umanyema, zikikutana Ujiji na kupanda mpaka hapa. Mwalimu alimwuliza mbona mti wake umekuwa ramani. Akajibu kwamba ndivyo watu wake walivyokuja.

Mama Mkubwa aliomba asomewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akataka asomewe tena ule mstari wa mtoto wa kike. Kisha akasema kwamba hakumbuki kama nyumba ile iliwahi kulitaja jambo hilo kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

Wanafunzi, likizo inakaribia. Wazee wenu wako nyumbani. Waulizeni njia.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa zamani,
Kibenga, Bujumbura.